Kuitambua sarafu ya kale ya Kiingereza iliyofuliwa kwa nyundo: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Peni ya kwanza ya fedha niliyoinunua ilikuwa na jina RICARDVS REX. Muuzaji aliniambia ni ya Mfalme Richard wa Kwanza, yule aliyepigana na Salahuddin, nami nikaamini. Uzito wake ulikuwa sawa na rangi yake ilikuwa ya fedha kuukuu. Ilinichukua miezi kadhaa ya kusoma hadi nikajua kwamba nchini Uingereza Richard hakutoa hata peni moja yenye jina lake. Tangu 1180, enzi ya Henry wa Pili, hadi 1247, peni za Uingereza ziliandikwa HENRICVS REX, awe anatawala Henry, Richard, John au Henry wa Tatu. Aliyeitengeneza peni yangu aliijua fedha na aliujua uzito. Historia hakuijua.

Toka siku hiyo siiamini dalili moja peke yake. Uzito, maandishi, mchoro, madini na namna sarafu ilivyotengenezwa lazima vikubaliane. Mghushi hupatia viwili, pengine vitatu, na hunaswa kwenye kile alichokisahau. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa mtindo ninaoutumia mwenyewe sarafu mpya inapofika mezani.

Kabla ya yote: jua ilivyotengenezwa

Fundi alikuwa na chapa mbili za chuma. Ya chini ilikuwa na mkia uliochongoka, ukapigiliwa kwenye gogo ili isisogee. Ya juu aliishika kwa mkono. Katikati aliweka kisahani chembamba cha fedha, akashusha nyundo. Hivyo ndivyo peni za Kiingereza zilivyofuliwa tangu zama za Mfalme Offa wa Mercia, mojawapo ya falme za kale za Uingereza, katika karne ya 8, hadi 1662, mashine ilipoishika kazi hiyo moja kwa moja chini ya Charles wa Pili. Shilingi, neno tunalolitamka kila siku Dar es Salaam na Nairobi, ilipata sarafu yake ya kwanza kwa nyundo hiyohiyo, enzi ya Henry wa Saba. Kabla ya hapo shilingi ilikuwa hesabu tu: peni 12.

Kutokana na kazi hiyo ya mkono, hakuna sarafu mbili zinazofanana kabisa. Duara huwa si kamili, mchoro umeegemea upande, sehemu nyingine haikupata pigo ikabaki bapa, na pengine uso wa mfalme umejirudia kwa sababu chapa iliruka kati ya pigo la kwanza na la pili. Ukingo ni mwembamba na mtupu. Ukiona ukingo wenye meno yaliyopangwa au maandishi, hiyo ni sarafu ya mashine. Anayeanza huziogopa kasoro hizi akadhani ni dalili za ubandia. Mimi hushtuka zaidi ninapoziona hazipo.

Vifaa

Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, lenzi ya kukuza mara 10, rula yenye milimita, sumaku ndogo, glasi ya maji, uzi mwembamba, na taa unayoweza kuielekeza kutoka ubavuni. Hiyo taa ya ubavuni ina thamani kuliko watu wanavyodhani: maandishi yaliyofifia hujitokeza mwanga ukija kwa mlalo.

Sabuni ya kusugulia, dawa ya meno na siki viache jikoni. Weusi uliokaa juu ya fedha kwa miaka 500 ni sehemu ya ushahidi, na ukiusugua umeharibu ushahidi na bei kwa pamoja.

Hatua ya 1: pima uzito

Uzito wa peni ulishuka kadiri wafalme walivyohitaji pesa, na tarehe za kushuka kwake zinajulikana. Peni ya Edward wa Kwanza, kuanzia 1279, ilikuwa takriban gramu 1.44. Mwaka 1351 Edward wa Tatu aliishusha hadi 1.17. Henry wa Nne akaifikisha 0.97 mwaka 1412, Edward wa Nne 0.78 mwaka 1464. Groti, sarafu ya peni nne, ilishuka nayo: gramu 4.67 mwaka 1351, kisha 3.89, kisha 3.11. Shilingi ya Elizabeth wa Kwanza ilikuwa 6.22 na sarafu ya peni sita 3.11, tangu 1601 zikawa 6.02 na 3.01.

Sarafu uliyonayo itapungua kidogo chini ya kipimo hiki. Imechakaa mifukoni, na pengine imekatwa kingo. Kukata kingo ilikuwa wizi wa kila siku: mtu anapunguza ukanda mwembamba kwenye kila peni, anayeyusha vipande, na peni anaitumia kwa thamani yake yote. Sheria ilikuwa kali mno. Mwaka 1247 msalaba wa upande wa nyuma ulirefushwa hadi ukingoni, ili kila mtu aone peni iliyoibiwa. Basi sarafu iliyopungua huku maandishi yake yamekatwa nusu inajieleza yenyewe.

Isiyojieleza ni ile iliyo nzima, maandishi yote yapo, duara limekamilika, halafu uzito umepungua kwa robo. Hiyo iweke kando, uiangalie upya kwenye hatua ya madini. Na iliyozidi kipimo kwa kiasi kikubwa nayo haina udhuru, kwa sababu karakana ya mfalme haikuwa ikigawa fedha bure.

Hatua ya 2: soma maandishi

Maandishi huzunguka ukingo. Anza juu kabisa, kwenye msalaba mdogo au alama, kisha fuata mwendo wa saa. Lugha ni Kilatini kilichofupishwa sana. Herufi V husimama badala ya U, REX ni mfalme, DEI GRA au D G ni kwa neema ya Mungu, ANG au ANGL ni Uingereza, FR au FRANC ni Ufaransa, HIB au HYB ni Ireland, DNS ni bwana.

Kwenye peni za kabla ya 1279 upande wa nyuma huzaa matunda zaidi. Humo kuna jina la mfua sarafu na mji wake, likiunganishwa na neno ON: NICOLE ON CANT, yaani Nicole wa Canterbury. Jina hili lilikuwa dhamana yake. Peni ikipungua fedha, anajulikana wa kuulizwa. Mwishoni mwa 1124 Henry wa Kwanza aliwaita wafua sarafu wake, na wengi wao wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa kwa kosa la kutoa peni mbovu. Huwa nalikumbuka hilo kila ninaposoma jina la mfua sarafu chini ya lenzi.

Peni ya msalaba mfupi, ambao mikono yake inaishia kabla ya kufika kwenye maandishi, pamoja na HENRICVS REX, ni ya kati ya 1180 na 1247. Kujua ni ya mfalme yupi kati ya wale wanne kunategemea mfua sarafu, mji, na mtindo wa taji na nywele. Ya msalaba mrefu yenye HENRICVS REX ikifuatiwa na III au TERCI ni ya Henry wa Tatu baada ya 1247.

Jina RICARDVS kwenye msalaba mfupi wa Kiingereza ni bandia, iwe ya jana au ya karne ya 18. Lakini usilitupe kila jina la Richard. Sarafu alizotoa Richard wa Kwanza katika milki zake za Ufaransa, Poitou na Aquitaine, zina jina lake kwa haki, na peni zenye RICARD za baada ya 1377 ni za Richard wa Pili au wa Tatu. Peni hizo za Richard wa Pili na wa Tatu hazina msalaba mfupi. Zina msalaba unaofika ukingoni na nukta tatu katika kila pembe.

Msalaba huo wa mstari mmoja mnene, wenye nukta tatu, ulianza 1279 na ukadumu zaidi ya miaka 200. Kuanzia hapo jina la mfua sarafu likaondoka, ukabaki mji peke yake: CIVITAS LONDON, CIVITAS CANTOR, VILLA fulani. Mbele imeandikwa EDW R ANGL DNS HYB, mfalme anakutazama usoni, nywele zimemwagika pande mbili. Hizi ni nyingi sana, na huenda ya kwanza utakayoipata ikawa mojawapo. Jina likiishia EDW, karibu kila mara ni ya Edward wa Kwanza. Likiendelea kuwa EDWA, EDWAR au EDWARD, shuka hadi kwenye taji na umbo la herufi, kwa kuwa hapo mwisho wa baba na mwanzo wa mwanawe, Edward wa Pili, umechanganyika.

Kichwa kikiwa ndani ya pembetatu, ilifuliwa Ireland. Kikitazama ubavuni na nyuma kuna nyota badala ya nukta, ni ya Scotland.

Hatua ya 3: linganisha tarehe na alama

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo anayeanza anaweza kumshinda mghushi mapema. Chukua sarafu ya peni sita ya Elizabeth wa Kwanza, yenye upana wa takriban milimita 26. Kuanzia 1561 imewekewa tarehe juu ya ngao, na ua la waridi nyuma ya kichwa cha malkia. Waridi lilikuwa msaada kwa watu: sarafu za peni sita, peni tatu, peni moja na nusu, na robo tatu ya peni zilikuwa nalo, shilingi, groti, nusu groti na peni hazikuwa nalo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kutofautisha groti na peni tatu kwa kuangalia ua tu.

Mbele utasoma ELIZABETH D G ANG FR ET HIB REGINA, kwa vifupisho vinavyobadilika kidogo. Nyuma ni POSVI DEV ADIVTOREM MEV, nimemfanya Mungu kuwa msaidizi wangu, maneno yaliyoanza kwenye groti ya Edward wa Tatu.

Mwanzo wa maandishi, pande zote mbili, kuna alama ndogo. Alama hii ilibadilishwa kila baada ya muda, sarafu za muda huo zilipokwenda kupimwa mbele ya majaji waliochunguza uzito na usafi wa fedha. Kwa hiyo alama na tarehe zinafungamana. Ncha ya mshale ni 1561 hadi 1565. Lango la ngome lenye vyuma ni 1566. Kokwa la mwaloni utalikuta 1573 na 1574, na ua la eglantini, lile waridi la porini lenye petali tano, ndilo la 1575. Upanga ni 1582, kengele inaufuata. Pipa ni la mwanzoni mwa miaka ya 1590, furushi la sufu la 1594 hadi 1596, nanga ya 1597 hadi 1600. Mwisho kabisa zikaja tarakimu: 1 kwa 1601, 2 kwa 1602.

Peni sita ya 1575 yenye nanga haiwezekani. Aliyeitengeneza alichukua mbele ya sarafu moja na nyuma ya nyingine, au alichora kwa kukisia. Nimeshaona mchanganyiko wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na sikuhitaji hata kutoa mizani.

Yupo mgeni mmoja anayechanganya watu. Kati ya 1561 na 1571 Mfaransa Eloye Mestrelle alifua sarafu za Elizabeth kwa mashine, London. Zake ni za duara safi, herufi zimenyooka, nyingi zina alama ya nyota. Usizikatae kwa unadhifu wake. Ni halisi, ila si za nyundo. Mestrelle mwenyewe alinyongwa mwaka 1578 kwa kosa la kughushi sarafu.

Hatua ya 4: imefuliwa au imesubiwa?

Sarafu nyingi bandia za siku hizi zimesubiwa: mtu amechukua sarafu halisi, akatengeneza kalibu, akamimina madini yaliyoyeyuka. Tofauti iko kwenye ngozi ya sarafu, na lenzi huionyesha.

Anza na herufi. Mchonga chapa hakuchora herufi kwa mkono mmoja mfululizo. Alikuwa na vijichapa vidogo, kijiti cha wima, kabari, mwezi mchanga, akazijenga herufi kwa kuvigonga kimoja kimoja. Ndiyo maana kijiti cha I ni kilekile cha N, cha R na cha E, na kijichapa kikivunjika pembe, pengo hilohilo linarudi herufi baada ya herufi. Ukiliona, moyo utulie kidogo. Kisha tazama kingo za herufi. Kwenye sarafu iliyofuliwa ukuta wa herufi unashuka wima na kwa ukali hadi kwenye uwanja, na karibu na ukingo herufi zimevutika kuelekea nje, kama mkia wa samaki, kwa sababu fedha ilikimbia chini ya nyundo. Kwenye iliyosubiwa kingo zimeviringika mithili ya sabuni iliyotumika, na uwanja una vitundu vidogo vya hewa au chembechembe zinazofanana na ganda la chungwa.

Igeuze utazame ukingo. Mstari mwembamba unaozunguka katikati ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Wengine huufuta kwa tupa, na hapo utaona mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Sarafu halisi huwa na nyufa ndogo ukingoni, fedha ilipopasuka kwa pigo.

Ushahidi wa mwisho kwenye hatua hii haujibiki: pacha. Tafuta picha za sarafu za aina hiyo mtandaoni. Chapa moja ilifua maelfu, kwa hiyo mchoro kufanana si tatizo. Lakini ukikuta sarafu mbili zenye ufa uleule, mkwaruzo uleule, umbo lilelile la ukingo na uchakavu uleule, basi angalau moja ni nakala, na mara nyingi zote mbili.

Vizawadi vya makumbusho ni rahisi kuvijua. Vingi ni vya bati na vimegongwa neno COPY au herufi WRL za mtengenezaji. Tatizo ni pale mtu anapoifuta chapa hiyo na kuviuza, hivyo doa lililokwanguliwa mahali pasipo na sababu likutilie shaka.

Hatua ya 5: madini

Sumaku kwanza. Fedha haivutwi, na ikivutwa kazi imekwisha.

Kisha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Mfano, peni sita ya gramu 2.90 ikionyesha 0.28 majini, jibu ni 10.36. Fedha ya kiwango cha Uingereza, asilimia 92.5, inakaa karibu na 10.3. Ingesoma 0.40, jibu lingekuwa 7.25, na hilo ni bati. Shaba ni karibu 8.9, risasi 11.3.

Kwa peni ndogo kipimo hiki kinadanganya usipokuwa makini. Peni ya gramu 1.30 inasukuma maji ya 0.13, mizani ikikosea kwa 0.01 tu, jibu linashuka kutoka 10 hadi 9.3. Pima mara tano, ondoa viputo vya hewa vilivyong'ang'ania sarafu, chukua wastani. Ukipata mizani ya gramu 0.001, bora zaidi.

Yapo madini mabovu yaliyo halali. Kuanzia 1544 Henry wa Nane alichanganya shaba hadi fedha ikabaki theluthi moja, na mwaka 1551, chini ya mwanawe Edward wa Sita, ikafika robo. Pua ya mfalme ilipochakaa wekundu ukatokeza, na watu wakambandika jina la Pua ya Shaba. Sarafu ya miaka hiyo iking'aa kwa fedha safi, ndipo uulize maswali.

Hatua ya 6: bandia za zamani

Kughushi hakukuanza leo. Peni ya karne ya 14 yenye kiini cha shaba kilichovikwa ngozi ya fedha, ukijani umechungulia mahali palipobanduka, yaweza kuwa bandia ya karne hiyohiyo ya 14. Vivyo hivyo peni za kuiga zilizoingizwa kutoka Luxembourg, ambazo zilimkera sana Edward wa Tatu. Hizi wakusanyaji wanazinunua kwa jina lake kamili, na mimi nazipenda kwa kuwa zinaonyesha jinsi watu wa kawaida walivyohangaika kupata chenji. Kosa ni kuziuza kama za mfalme.

Hatua ya 7: makovu

Peni za Æthelred wa Pili, aliyetawala hadi 1016, zimepatikana kwa wingi Skandinavia, zilikokwenda kama malipo kwa Waviking. Huko zilidungwa kwa ncha ya kisu kuona kama ni fedha mpaka ndani. Midungo hiyo midogo hupunguza uzuri na huongeza imani. Nusu ya peni iliyokatwa ikifuata mstari wa msalaba si uharibifu. Kabla ya 1279 ndivyo nusu peni ilivyopatikana, na robo vilevile. Peni iliyokunjwa katikati huenda iliwekewa nadhiri kwa mtakatifu na mgonjwa aliyeomba kupona. Chini ya lenzi, kovu la kale lina rangi ileile ya uso wa sarafu. Likimetameta ndani, ni la juzi.

Hatua ya 8: linganisha, kisha uandike

Hazina ya picha ya Portable Antiquities Scheme, mpango ulioanza 1997 wa kuandikisha vitu vinavyookotwa Uingereza na Wales, iko wazi mtandaoni bila malipo, na kila sarafu ina uzito na kipimo chake. Kwa peni za awali kabisa kuna kumbukumbu ya Fitzwilliam Museum, Cambridge. Tafuta sarafu tatu au nne za aina yako, uziweke kando ya yako, herufi kwa herufi.

Unayenunua ukiwa mbali, iwe Mombasa au Muscat, omba vitu vitatu kabla ya kutuma pesa: uzito hadi gramu 0.01, picha ya pande zote mbili chini ya mwanga wa ubavuni, na picha ya ukingo. Muuzaji mwaminifu huzituma siku hiyohiyo. Uliza pia ilitoka kwenye mkusanyiko gani, na hakikisha inaweza kurudishwa. Unayeishi Uingereza na ukaokota mwenyewe, kumbuka sheria ya hazina ya 1996: sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizozidi miaka 300, zikiwa mahali pamoja, lazima ziripotiwe.

Mwisho, ihifadhi kwenye bahasha ndogo ya karatasi isiyo na tindikali. Plastiki laini ya PVC huiachia fedha utelezi wa kijani. Juu ya bahasha andika kwa penseli uzito, upana, maandishi yote jinsi unavyoyasoma pamoja na herufi zisizosomeka, ulipoinunua na lini. Yangu ya RICARDVS REX ina bahasha yake pia, gramu 1.41, imeandikwa wazi: bandia.